PS2, simu, laptopu au PS4: ununue ipi ukiwa Mtwara

Malipo ya korosho yakishatoka, banda langu la gemu hapa Magomeni linapata wageni tofauti na watoto wa mechi mbili mbili. Wanakuja watu wazima kutoka Tandahimba, Newala, Masasi, wengine hadi Nachingwea, wana pesa mfukoni na wanataka kurudi na kitu cha kuchezea nyumbani. Msimu huu aliyetangulia alikuwa mpwa wangu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mnada umekwendaje?"

"Umelipa, mjomba. Nataka gemu ya nyumbani. Ninunue ipi?"

Nikamuuliza: pedi ya pili, kile kidude cha kushika mkononi cha kuchezea, atashika nani?

Hilo ndilo swali ninalomuuliza kila mtu kabla hatujataja bei. Mtu anayecheza peke yake usiku akitoka kazini na mtu mwenye wadogo zake wanne wanaomsubiri sebuleni hawafai kununua kitu kimoja, hata kama pesa yao inalingana. Baada ya hapo nauliza umeme wa kwao ukoje, kisha mtandao. Jina la gemu linakuja mwisho, maana gemu nyingi nzuri za zamani leo zina njia zaidi ya moja ya kuzicheza.

PS2 na simu yenye PPSSPP

Wengi wanaokuja kwangu wanasitasita kati ya hivi viwili, PS2 (PlayStation 2, mashine ya Sony ya kuchezea kwenye TV) na simu iliyowekwa PPSSPP, programu ya kuchezea gemu, kwa hiyo nitakaa hapa zaidi.

PS2 ilitoka Japani Machi 2000 na imeuzwa zaidi ya milioni 155 duniani. Idadi hiyo ina maana kwetu sisi wa kusini: spea bado zipo. Lenzi, mkanda wake, adapta, pedi, vyote utaletewa na basi kutoka Kariakoo, na fundi wa kuvifunga hukosi. Kinachochoka kwanza ni lenzi. Inaanza kwa kuchagua CD, hii inaisoma na ile inaikataa, mpaka siku inazikataa zote.

Ndiyo sababu PS2 nyingi za mtaani hazitumii CD tena. Kuna programu ndogo, FreeMcBoot, inawekwa kwenye memori kadi ya megabaiti 8, mashine inawaka nayo, halafu programu nyingine inayoitwa Open PS2 Loader inasoma gemu kutoka kwenye flashi. Inafanya kazi vizuri ukijua tabia zake mbili. Ya kwanza, tundu la flashi la PS2 ni la kizazi cha zamani, USB 1.1, kwa hiyo zile video za katikati ya gemu zinakwamakwama ingawa mpira wenyewe unatembea. Ya pili ndiyo inayowasumbua watu: faili la gemu linatakiwa likae mfululizo kwenye flashi, lisikatwe vipande, hasa kwenye matoleo ya zamani ya programu hiyo. Ukifuta gemu moja, ukaongeza nyingine, ukafuta tena, nafasi zinabaki mapengo na gemu mpya inajipanga kwenye mapengo hayo. Ukiibonyeza, inaweza isifunguke. Nimeletewa mashine kutoka mbali, mwenyewe akiamini imekufa, kumbe ni flashi tu. Nakili kila kitu pembeni, futa flashi yote, rudisha gemu moja baada ya nyingine. Imepona.

Kwa umeme, PS2 ile nyembamba haifiki wati 50. Uniti moja ya luku inakupa saa ishirini na kitu za kucheza, ukiacha TV. Hesabu hii iweke kichwani, tutairudia kwenye PS5.

Usumbufu wake ni TV za kisasa. PS2 inatoa picha kwa waya za rangi tatu, njano, nyeupe na nyekundu, na TV bapa nyingi mpya hazina matundu hayo. Nunua kile kiboksi kidogo cha kugeuza AV kuwa HDMI. Halafu ingia kwenye mipangilio ya TV uweke hali ya gemu, la sivyo utabonyeza shuti sasa na mchezaji apige baadaye kidogo, na utailaumu pedi bure.

Sasa gemu zenyewe. GTA San Andreas ya 2004, God of War ya 2005, Tekken 5, Black. Lakini mfalme wa PS2 bandani kwangu ni PES 6, gemu ya mpira ya Konami ya 2006, na sioni dalili ya kuvuliwa taji. Adriano wa Inter Milan ukimpa nafasi nje ya boksi na mguu wake wa kushoto, kipa anaokota nyavuni. Ninaipenda kwa sababu nyingine pia: inakuruhusu kubadili majina, sura na jezi za timu. Konami haikuwa na haki za timu zote, katika matoleo mengi Liverpool iliitwa Merseyside Red, basi sehemu ya kuhariri ikawa wazi kwa kila mtu. Vijana wa hapa walikaa siku nne wakatengeneza Simba, Yanga na timu ya mtaa wetu, kila mmoja na namba yake mgongoni. Yule aliyejiweka golikipa alikuwa akijipongeza kwa sauti kila akidaka. Gemu ya juzi haijawahi kunipa jioni kama zile.

Simu nayo ina hoja nzito. Tayari unayo. PPSSPP ilitoka 2012, ni ya bure, na inaigeuza simu ya kawaida kuwa PSP, ile mashine ya mkononi ya Sony ya 2004. Diski ya PSP ilikuwa na ujazo usiozidi gigabaiti 1.8, kwa hiyo gemu moja haimalizi simu. God of War: Chains of Olympus, Tekken 6, Liberty City Stories, PES 2014, zote zinakwenda bila bando hata la shilingi moja. Umeme ukikatika unaendelea kucheza. Ukiwa kwenye basi kutoka Lindi, unaendelea kucheza.

PPSSPP yenyewe ni halali. Gemu unayoiweka ndani yake inatakiwa iwe unayoimiliki. Na tahadhari kubwa: ukikutana na faili la "San Andreas ya PPSSPP" au "GTA V ya PPSSPP", achana nalo. Gemu hizo hazikuwahi kutengenezwa kwa PSP. GTA za PSP zinazofanana na zile za TV ni Liberty City Stories ya 2005 na Vice City Stories ya 2006. Watu wamemaliza bando la wiki wakishusha faili kubwa, wakifungua wanakuta gemu ile ile ya zamani imebadilishwa picha ya mbele, au hawakuti kitu.

Wapi simu inashindwa? Vidole. Joto la Mtwara mnalijua. Dakika ishirini tu kioo kimelowa jasho, kidole gumba kinateleza, na kitufe cha kwenye kioo hakina ukingo wa kukuambia uko wapi. Tekken inahitaji kidole kinachojua njia bila kuangalia. Pedi ya Bluetooth inatibu hilo. Kisha ipo pedi ya pili niliyoanza nayo: simu ni ya mtu mmoja. Mnaweza kucheza wawili kila mtu na simu yake, mmoja akiwasha hotspoti na mwenzake akaunga, kisha mkatumia sehemu ya ad hoc ndani ya PPSSPP. Hakuna bando linalotumika kwa sababu simu zinaongea zenyewe kwa zenyewe. Vijana wengi hawaijui njia hii na ninawahimiza waijaribu. Lakini bado kila mmoja ameinamia kioo chake, na mtoto wa miaka saba asiye na simu amebaki nje.

Kwa hiyo: nyumba yenye watoto au vijana zaidi ya wawili, PS2. Mtu wa safari, mwanafunzi wa bweni, mlinzi wa usiku, simu.

Free Fire na wenzake

Free Fire ya 2017, PUBG Mobile ya 2018, Call of Duty Mobile ya 2019, eFootball iliyochukua nafasi ya PES mwaka 2021. Ni gemu za simu zinazochezwa mtandaoni, za bure kushusha, na zinavutia kweli. Nimeona marafiki waliotawanyika Dodoma, Mwanza na Mtwara wakikutana humo kila usiku kama walivyokuwa wakikutana kijiweni. Hilo PS2 haiwezi. Kucheza kwenyewe hakuli bando sana, kinachokula ni masasisho, yanayokuja mara kwa mara na kwa ukubwa usioutarajia. Pia kuna kuchelewa: kompyuta zinazoendesha gemu hizi ziko mbali, na ishara yako inapokwenda na kurudi, mwenzako aliye karibu nazo ameshapiga risasi.

Kilichonifanya nisimshauri mtu wa kusini ategemee gemu za mtandaoni peke yake ni Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilipita mwanzoni mwa mwezi, mvua ikakata barabara ya Dar es Salaam kule Somanga, mizigo haiji. Jumapili ya tarehe 12, nyaya za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zikapata hitilafu, na mtandao nchi nzima ukawa wa kusuasua. Waliokuwa na Free Fire tu walikuja kukaa bandani kwangu. Tulicheza PES 6.

Wazazi, jambo moja kuhusu hizi: almasi na vifurushi vya ndani ya gemu vinanunuliwa kwa pesa halisi. Namba ya siri ya pesa ya simu mtoto asiijue.

Za kaseti

Wapo wanaokuja wakiulizia "ile ya Mario". Wanakusudia mashine za kaseti, nakala za Famicom ambayo Nintendo waliitoa Japani 1983, na kaseti zake za njano zilizoandikwa gemu 9999 wakati majina yanajirudia tu. Super Mario Bros. ya 1985 yote nzima, mabomba, kasa, ngome na muziki wake, ni kilobaiti 40. Picha moja uliyotumiwa WhatsApp inaizidi. Kila nikifikiria jinsi watu wale walivyobana dunia nzima ndani ya nafasi ile, heshima yangu kwao inapanda.

Mashine hizo ukizipata leo zinataka TV ya chogo. Hasa kama unataka Duck Hunt na bunduki yake. Ukivuta kifyatulio, kioo kinakuwa cheusi kwa kitambo kidogo kisha mraba mweupe unatokea pale bata alipo. Bunduki ina jicho la kuona mwanga, likiuona mweupe, bata anaanguka. Mashine inategemea mwanga ufike kwa wakati kamili, na TV bapa inauchelewesha. Utapiga mchana kutwa hupati kitu. Nimewaona watu wakirudisha bunduki nzima dukani kwa sababu hii.

Njia mpya ya kucheza za zamani ni gemu stiki, kile kijiti kinachochomekwa HDMI na kuja na pedi mbili zisizo na waya. Ninakipenda kwa kazi moja: familia. Mario, Contra, Tetris, zote zinakwenda safi. Contra, kabla haijaanza, bonyeza juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A, unapata roho 30, na hapo hata mtoto mdogo anafika mbali. Gemu za PS1 zenye magari na mapigano zinakwamakwama kwenye vijiti vingi, kwa hiyo usikinunue kwa ajili hiyo. Pedi zake zinatumia betri ndogo, nunua za kuchaji. Kadi ya kumbukumbu inayokuja nayo huwa dhaifu: siku ile ile ya kwanza inakili kwenye kompyuta ya mtu, maana ikifa, kijiti kimekufa.

Dada yangu, mama yake huyo mpwa, hakuwahi kushika pedi maishani. Nilimwekea Tetris, ile aliyoibuni Alexey Pajitnov huko Moscow mwaka 1984. Sikumweleza kitu. Alitazama vipande viwili vikishuka, cha tatu akakigeuza mwenyewe. Ukitaka kuwaingiza wazee kwenye gemu, anza na hiyo. Wacheza bao wanaishika haraka kuliko wote, mikono yao imezoea kufikiri mbele.

Laptopu iliyotumika

Kama pesa ya korosho ni ya kununua kitu kimoja tu na wewe ni mwanafunzi au una biashara, nunua laptopu. Core i5 ya zamani yenye RAM ya gigabaiti 4, bora 8, inatosha kwa dunia nzima ya gemu hadi karibu mwaka 2010: Age of Empires II ya 1999, Vice City, Need for Speed Most Wanted ya 2005. Na mchana inaandika barua, inatunza hesabu za duka.

Tena ina betri. Waliocheza Project I.G.I. ya mwaka 2000 kwenye kompyuta za mezani wananielewa. Gemu ile haikuwa na kuhifadhi katikati ya kazi. Umejikunja nyuma ya ukuta, umewakwepa walinzi, umezima kamera, umebakiza geti, umeme unakatika. Ukirudi unaanza tena kule mlimani. Nilishuhudia mtu mzima akiinuka kwenye kiti intaneti kafe na kutoka nje bila kusema neno. Kwenye laptopu unaendelea kama hakuna kilichotokea.

Laptopu ndiyo pia njia bora ya kufikia gemu za kale zaidi, za enzi ya DOS, mfumo wa kompyuta uliotumika kabla ya Windows. Kuna DOSBox, programu ya bure ya kuzichezea. Kuna pia maktaba ya Internet Archive, ambayo tangu 2015 inakuruhusu kucheza maelfu ya gemu za DOS ndani ya kivinjari, bila kushusha chochote. Nyingi ni ndogo kiasi kwamba bando la siku linatosha. Anza na Prince of Persia ya 1989: una dakika 60 za kumwokoa binti mfalme, na yule mwanamume anavyoruka na kuning'inia ukingoni bado kunanishangaza. Kwa mpya za bure na halali, SuperTuxKart ni mbio za magari mnazocheza wawili au zaidi kwenye kioo kimoja, na 0 A.D. ni ya vita vya himaya za kale.

Usinunue diski iliyojazwa gemu mtaani bila kuikagua. Mimi nilinunua moja, duka silitaji, na virusi vilivyokuwa ndani vilifuta kumbukumbu za banda za miezi mitano na picha za marehemu baba. Gemu nilizipata tena. Picha sijazipata.

PS4, na neno fupi kuhusu PS5

PS4 ilitoka 2013. Ukitaka mpira wa miaka ya karibuni na wachezaji wake, hakuna mjadala: FC 24 na FC 25, warithi wa FIFA baada ya jina kubadilika mwaka 2023, zote zina toleo la PS4. GTA V ipo. Kuna It Takes Two ya 2021, ambayo haichezeki na mtu mmoja kabisa. Inadai watu wawili wanaosikilizana, na nimeona mke na mume wakija Jumamosi tatu mfululizo mpaka wakaimaliza.

Gharama iko kwenye kuitunza. Kushusha gemu moja kunataka gigabaiti 40, nyingine zaidi ya 100, kwa hiyo nunua za CD. Ukiichoka unauza au unabadilishana na mwenzako. Umeme ukikatika wakati inaandika kwenye diski yake inaweza kuharibu data, na UPS ndogo, ile betri inayoshikilia umeme ukikatika, ni lazima, usiifanye ya baadaye. Na chumvi. Nilifungua PS4 ya mteja anayeishi karibu kabisa na maji, Mikindani: feni imeshikana na vumbi lenye unyevu, na kwenye shaba kulikuwa na kutu ya kijani iliyotambaa hadi kwenye skrubu. Ilikuwa na mwaka mmoja na nusu tu mahali pale. Ukiishi Shangani au popote upepo wa bahari unapoingia sebuleni, ifunike kwa kitambaa ikiwa imezimwa na kupoa, na isafishwe kila baada ya miezi michache.

PS5 kwenye gemu nzito inakula wati kama 200. Saa tano, uniti moja imekwenda, na TV haijahesabiwa. Kwa bei yake sasa hivi unapata PS4 iliyotumika, UPS na CD kadhaa, na simwoni mtu wa kijijini atakayejuta kuchagua hivyo. Ukiamua lazima uichukue, chukua yenye sehemu ya CD.

Mpwa wangu ana wadogo watatu na umeme wa kwao unakatika mara kwa mara. Aliondoka na PS2 nyembamba, kiboksi cha HDMI na flashi mbili, moja ya akiba. Pesa iliyobaki akasema itanunua dawa ya mikorosho.

Kabla hajalipa tuliiwasha pale pale dukani kwa nusu saa, na wewe usikubali chini ya hapo. Sikiliza feni. Gusa adapta kama inaunguza. Hifadhi mechi kwenye memori kadi, zima, washa, angalia kama ipo. Kisha bonyeza kila kitufe cha pedi, zungusha vijiti vyote viwili, uache mkono uone kama mchezaji anatembea mwenyewe. Ukimaliza, chomoa, chomeka ya pili na ufanye vile vile. Nimeona mara nyingi pedi ya kwanza ikiwa mpya kabisa na ya pili ikiwa na kitufe cha mraba kilichokufa.